Sitges, Cape Town, Zanzibar au kibandani? Mpenzi wa muvi za kutisha aliyeko Uganda aende wapi

Nianze na jibu, kwa wasio na subira. Kama uko Uganda, unapenda muvi za kutisha, na unataka kuzitazama tamashani kisha uziandikie uhakiki, usianze na Ulaya. Anza Zanzibar, fuatisha Cape Town, na katikati ya hizo mbili jizoeze kuomba viungo vya mtandaoni vya kutazamia filamu ukiwa nyumbani. Sitges na London zisubiri mpaka uwe na beji ya waandishi na mtu wa kukulipa kwa makala zako. Kibanda cha video cha mtaani kwenu usikihame hata siku moja, ila usijidanganye kwamba ni tamasha.

Pesa ni sehemu ya sababu, wala si sehemu kubwa. Kubwa zaidi ni watu utakaokaa nao. Filamu ya vita au ya mapenzi ukiitazama peke yako kitandani hupotezi sana. Ya kutisha inategemea ukumbi: ukimya kabla ya mlango kufunguka, jamaa wa nyuma anayecheka kwa woga, dada aliyejifunika mtandio usoni na bado anachungulia. Mhakiki asiyeyaona hayo anahakiki nusu ya kazi. Kwa hiyo unapochagua tamasha unachagua hadhira, na hadhira hizi ninazozilinganisha hapa hazifanani hata kidogo.

Ulaya: Sitges na London

Tamasha la Sitges lilianza mwaka 1968. Mji wenyewe ni mdogo, uko pwani ya Catalonia nchini Hispania, na kutoka Barcelona unafika kwa treni kabla saa nzima haijaisha. Kila Oktoba, kwa siku kumi hivi, wenyeji wanauachia mji mizuka. Maonyesho yanaanza asubuhi na kuendelea mpaka usiku wa manane, kuna mikesha ya filamu kadhaa mfululizo, na watu hutembea barabarani wamejipaka damu ya bandia wakijifanya misukule. Filamu mpya za Asia, Ulaya na Amerika ya Kusini hukutana hapo kwa wingi, na si za kutisha tupu. Kuna za kubuni sayansi, za ndoto, na zile ambazo hata mtunzi wake hajui aziweke kabati gani.

FrightFest ya London ni changa zaidi, ya mwaka 2000, na hufanyika mwishoni mwa Agosti, wikendi ya sikukuu ya Waingereza, maeneo ya Leicester Square. Ina desturi moja ninayoipenda: aliyenunua tiketi ya siku zote hukaa kiti kilekile tangu filamu ya kwanza hadi ya mwisho. Jirani yako wa siku ya ufunguzi ndiye jirani yako siku ya kufunga. Watu hujuana, huulizana habari za mwaka mzima, na wanajua historia ya kila mwongozaji kuliko mwongozaji mwenyewe.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hayo mawili, shabiki nitampeleka London na mwandishi nitampeleka Sitges. London lugha haikusumbui, na ukumbi una joto la watu wanaopendana. Lakini ukumbi wa mashabiki unasamehe mno. Filamu hafifu ikipigiwa makofi kwa sababu mtengenezaji wake amekaa safu ya tatu, wewe mgeni utaandika nini? Sitges ni pana, waandishi wa dunia nzima wapo, na filamu ikiwa mbaya wanaondoka bila aibu. Tatizo la Sitges ni maandishi ya chini ya skrini. Chunguza ratiba vizuri kabla ya kukata tiketi, maana filamu ya Kikorea yenye maandishi ya Kihispania peke yake haitakusaidia, labda kama umekwenda kuhakiki picha na sauti.

Halafu viza. Ada ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Hispania, kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudi ukikataliwa. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 baada ya kupokewa. Kupata miadi ya kuyapeleka ni habari nyingine. Watataka kuona akaunti yako ya benki, kazi yako, na sababu ya wewe kurudi Uganda. Jaribu kumweleza afisa wa viza kwamba unasafiri kwenda kutazama muvi za mashetani kwa siku kumi. Inawezekana, watu wanapata, lakini unahitaji barua ya tamasha, na barua hiyo matamasha huwaandikia wageni wao na waandishi waliosajiliwa. Ndiyo maana nasema beji kwanza, Ulaya baadaye. Mwenye tiketi tu hana wa kumtetea dirishani.

Cape Town

Afrika Kusini wana tamasha lao la kutisha, South African HORRORFEST, lililoanza mwaka 2005 na hufanyika Cape Town mwishoni mwa Oktoba kuelekea Novemba. Makao yake ya miaka mingi ni Labia, jumba kongwe la sinema lisilo chini ya kampuni kubwa, la aina ambayo Kampala tumeiacha ikafa au ikageuka kanisa. Ukilipima na Sitges ni dogo sana. Filamu fupi ni nyingi, bajeti nyingi ni za kuungaunga, na majina makubwa ni machache.

Udogo huo ndio ninaoutaka kwa mhakiki anayeanza. Mwongozaji unakutana naye mlangoni, unamuuliza ile damu aliitengeneza kwa kitu gani, na anakujibu. Sitges utamwona kwa mbali jukwaani, akizungukwa na wapiga picha. Tena Afrika Kusini wanatengeneza muvi za kutisha zenye mizizi ya pale pale. Good Madam ya Jenna Cato Bass, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021, haina zimwi la mapembe. Ina mama mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya bibi mzungu asiyetoka chumbani, na nyumba yenyewe ndiyo inayomla taratibu. Yeyote aliyewahi kuona jinsi binti wa kazi anavyotembea kwa ncha za vidole katika nyumba za matajiri wa Kololo hahitaji kuelezwa kinachotisha hapo.

HORRORFEST ina jambo jingine linalomhusu Mganda kuliko anavyodhani. Kundi liitwalo The Makabra Ensemble hupiga muziki wake moja kwa moja mbele ya filamu bubu za zamani, wapigaji wakiwa ukumbini na picha ikitembea juu yao. Wazungu wanaona ni burudani ya kipekee. Sisi tumekulia hapo: mtu hai akiweka sauti yake juu ya picha ya mtu mwingine. Nitarudi kwenye hilo tukifika kibandani.

Gharama? Uganda Airlines huruka Entebbe hadi Johannesburg tangu mwaka 2021. Kutoka hapo mpaka Cape Town kumebaki kilomita 1,400 hivi, na mwenye mfuko mwepesi huzimaliza kwa basi. Mganda anahitaji viza ya Afrika Kusini, kwa hiyo hapa napo kuna foleni na makaratasi, ila gharama ya jumla haifiki ile ya Ulaya. Usisafiri kwa ajili ya filamu peke yake. Panga mahojiano mawili matatu kabla hujaondoka, nauli irudi kwa makala.

Zanzibar, na matamasha ya hapa nyumbani

ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, si la kutisha. Lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na ni la filamu za kila aina za nchi za jahazi, yaani za pembezoni mwa Bahari ya Hindi, na Afrika kwa jumla. Unaweza kupata ya kutisha moja, ukibahatika mbili, na mwaka mwingine ukarudi mikono mitupu. Mbona basi naliweka la kwanza?

Kwa sababu ya Ngome Kongwe. Kitovu cha tamasha kwa miaka mingi kimekuwa ukumbi wa wazi ndani ya ngome ile ya Waarabu wa Oman, katikati ya Mji Mkongwe, na skrini haisomeki mpaka jua litue. Watu wanaokaa kwenye ngazi zile wanazungumza Kiswahili, na wanazungumza na filamu. Wanamwonya mhusika. Wanamtukana mchawi. Wazee wa Pemba na Unguja waliokuwepo mwaka 1995, shetani aitwaye Popobawa alipovuma na watu wakalala nje makundi makundi kwa hofu, hawaitazami filamu ya shetani wa usiku kama mtoto wa London anavyoitazama. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hapati darasa bora zaidi ya hilo. Maneno ya hofu utayasikia mdomoni mwa watu, badala ya kuyatunga mezani ukiwa na kamusi.

Tena Waswahili tuna ukoo wetu wa muvi za kutisha, hata kama wahakiki wengi wameudharau. Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, kwa kamera za video na vipodozi vya kununua dukani, na mikanda ile ilivuka mipaka. Leo ukiitazama utacheka baadhi ya mahali. Lakini msukule, jini mwenye sura ya mwanamke mzuri, na maiti anayerudi kudai haki yake ni mambo ambayo mtazamaji wa Busia au Bombo anayaelewa bila mkalimani, na mtu aliyejifunza ukoo huo ana pa kuanzia anapokutana na filamu mpya ya Afrika Mashariki.

Safari ni nyepesi kwa kulinganisha. Mganda haombi viza ya Tanzania. Kampala hadi Dar es Salaam kwa basi, ukipitia Mutukula au Nairobi, ni zaidi ya siku nzima ya kukaa kitako, kisha boti ya saa mbili hivi. Pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe navyo mkononi. Tarehe za tamasha zimekuwa zikihama kati ya Juni na Agosti, hivyo usikate tiketi kwa kufuata kalenda ya mwaka jana.

Kampala kwenyewe? Uganda Film Festival ya Tume ya Mawasiliano ipo tangu 2013, na Amakula ilizaliwa mwaka 2004. Nenda, nauli ni ya boda. Ila ukienda na daftari la muvi za kutisha utarudi na kurasa nyeupe, maana watengenezaji wetu wamependa zaidi visa vya familia, siasa, na mapigano. Jambo moja ambalo Amakula ililifanya na ambalo nadhani halijapata heshima yake ni kuwapandisha maVJ, wale wanaotafsiri muvi kwa sauti yao vibandani, jukwaani wakashindana kutafsiri mbele ya watu. Waliona mapema kwamba VJ ni msanii, wakati ambapo wasomi wengi wa Makerere bado waliona ni makelele.

Kibandani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakosea hesabu.

Kwa mtu wa Kisenyi au Katwe, ng'ambo ina nini ambacho kibanda hakina? Kibanda kina giza, pazia zito mlangoni, mabenchi ya mbao yaliyobanana, spika ambazo mtaa mzima unazisikia, na kiingilio cha sarafu. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki: mchana muvi, jioni Arsenal. Muvi haitajwi kwa jina la mwongozaji. Inatajwa kwa jina la aliyeitafsiri: hii ya VJ Jingo, ile ya VJ Junior. Dar es Salaam, ambako wanakiita kibanda umiza, marehemu Lufufu alifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, na wapo watu wazima leo wanaokumbuka sauti yake kuliko sura ya mwigizaji yeyote wa Marekani.

Kwa muvi ya mapigano VJ ni mbolea. Kwa muvi ya kutisha mambo ni tofauti kabisa. Filamu ya kutisha inajengwa kwa kunyamaza. Mwanamke anashuka ngazi za chini ya nyumba, taa inapepesa, hakuna muziki, na mtengenezaji amekaa miezi akipima sekunde ngapi za ukimya zitakukaba koo. VJ halipwi ili anyamaze. Yeye atamuuliza yule mwanamke huko chini amesahau nini, atampa jina la Kiganda, atasema amefuata viazi, na kibanda kizima kitaangua kicheko pale pale ambapo ukumbi wa Sitges ungekuwa umeshika roho mkononi. Shetani akitokea, anakuta watu wameshalegea kwa kucheka.

Je, muvi imeharibiwa? Wapo wanaosema hivyo, nami sikubaliani nao, ila siwezi kusema ni muvi ileile. Kicheko cha kibandani ni namna ya kushinda woga pamoja, na wakati mwingine VJ huutia woga mahali ambapo filamu haikuwa nao, kwa mfano anapomwita mchawi wa kizungu musezi. Neno hilo likitajwa, kicheko hufa. Buganda hakuna asiyewajua wasezi, wale wanaosemekana kutembea usiku na kufukua maiti, na ghafla jinamizi la Kimarekani limepata makaburi ya hapa Masaka.

Kwa hiyo ukihakiki muvi uliyoiona kibandani, unahakiki kazi mbili, na msomaji aambiwe hivyo tangu aya ya kwanza: filamu ni ya nani, tafsiri ni ya VJ gani, na ulikaa na watu wa aina gani. Ukiyaficha hayo ukaandika kwamba filamu fulani "haitishi, inachekesha", umemwonea mwongozaji. Ukiyasema, umeandika kitu ambacho hakuna mwandishi wa London anayeweza kukiandika.

Kasoro mbili hazina dawa. Ya kwanza, filamu mpya za matamasha hazifiki kibandani mpaka zimezeeka, na nyingi hazifiki kabisa. Ya pili, nakala nyingi zilizopo hazina idhini ya wenyewe, na Uganda ina sheria ya hakimiliki tangu 2006 hata kama utekelezaji wake unasinzia. Mhakiki anayetaka kuaminiwa na ofisi ya habari ya tamasha lolote asitoe uhakiki wa filamu mpya aliyoipakua kwenye flashi duka la mtaani. Wanajua filamu yao imetoka kwa nani na lini. Hesabu hiyo wanaifanya haraka.

Na kuna hili la kuchekesha. Mwaka 2019, Crazy World ya Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa hapa hapa Kampala, ilionyeshwa Toronto katika kitengo cha Midnight Madness, kilekile kinachopokea filamu za kutisha za usiku wa manane. Watu wa vitengo vya usiku wa manane hupiga kelele, hujibizana na skrini, hushangilia kichwa kikikatika. Kwa tabia wako karibu na watu wa kibanda cha Katwe kuliko na wale wanaotafuna bisi kimya kimya kwenye sinema ya Acacia Mall. Mganda aliyelelewa kibandani akifika Sitges kwenye mkesha hatajiona mgeni.

Kwa kiungo, ukiwa chumbani

Njia hii haina picha nzuri ya kutuma kwa ndugu, lakini ndiyo inayojenga jina. Matamasha na wasambazaji huwapa wahakiki viungo vya kutazamia filamu kabla au wakati wa maonyesho. Unaandika barua fupi: wewe ni nani, unaandikia wapi, wasomaji wako ni akina nani, unataka filamu zipi. Usiombe zote. Taja tatu au nne, na eleza kwa nini msomaji wa Kiswahili atazijali. Barua za namna hiyo hawapokei nyingi, na hiyo ni faida yako.

Kiungo kitakuwa na jina lako limeandikwa juu ya picha, na kitakufa baada ya muda mfupi. Baadhi vimefungiwa nchi fulani, kwa hiyo sema mapema kwamba utatazamia Uganda. Filamu moja kwa ubora mzuri hula GB kadhaa, na kifurushi chako tayari kina kodi ya asilimia 12 iliyowekwa Julai 2021, wakati ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa. Hata hivyo hesabu yake haikaribii hata nauli ya kwenda Dar. Usitegemee Shudder, ile huduma ya Wamarekani ya muvi za kutisha tupu, maana haiuzwi Uganda.

Kinachokosekana ni watu. Na huwezi kuwaita majirani, kwa sababu kiungo umepewa wewe peke yako na jina lako linaelea pale juu. Nafuu iliyopo ni ndogo: tazama usiku, mfululizo, simu iwe chumba kingine, usisimamishe hata kama umeme unacheza. Ukisimamisha filamu ya kutisha ili uchemshe chai, umeikata shingo. Na katika uhakiki sema kwamba uliitazama peke yako.

Beji au tiketi

Wengi hudhani beji ya waandishi ni bora kila mahali. Ni nafuu kwa bei, inafungua milango ya mahojiano, na inakuruhusu kuona filamu asubuhi kabla ya umma. Lakini waandishi hawapigi mayowe. Wanakuna kalamu, wanakohoa, wanawaza chakula cha mchana. Filamu inayotegemea mshtuko wa pamoja huonekana dhaifu katika ukumbi wao. Mwenye beji anunue walau tiketi moja ya onyesho la umma, ikiwezekana ya filamu aliyoiona na waandishi, asikie tofauti. Asiye na kazi zilizochapishwa hatapewa beji, kwa hiyo andika kwanza, hata kama ni kuhusu muvi za zamani.

Ratiba ya tamasha la kutisha inavutia kula kupita kiasi. Filamu ya tano ya siku huonekana mbovu hata kama si mbovu. Macho yamechoka na damu imezoeleka. Mimi naona tatu zinatosha, nne kama mojawapo ni fupi. Andika aya mbili usiku huohuo kabla hujalala, kwa karatasi na si kwa simu, maana mwanga wa simu ukumbini utakuletea matusi halali. Maksi toa kesho yake. Na kama tamasha limekupa saa ya kuachia uhakiki, usiitangulie hata kwa dakika, hata ukiona wengine wametangulia.

Una nini ambacho wao hawana

Mwaka 2020 filamu His House ilipita tamasha la Sundance la Marekani, na Oktoba ikawa Netflix. Ni ya mume na mke waliokimbia Sudan Kusini, wakapewa nyumba Uingereza, na ndani ya kuta za nyumba ile wakakuta kitu kimewafuata: apeth, mchawi wa usiku wa simulizi za Wadinka. Wahakiki wengi wa ng'ambo waliisoma kama filamu ya ukimbizi yenye mzuka ndani yake, na walisifu kwa haki. Lakini Uganda ndiyo nchi inayohifadhi wakimbizi wengi zaidi wa Sudan Kusini. Mtu wa Adjumani au Arua anajua majina, anajua barabara, anajua mtu anaweza kufanya nini ili apande gari linaloondoka, na kwa hiyo anajua deni ambalo mzuka ule umekuja kulidai. Uhakiki wake ungeanzia pale wenzake walipoishia.

Hilo ndilo linalonifanya nisikazane na Ulaya. Ukienda Sitges bila sauti yako utaandika kuhusu filamu yako ya kumi na mbili, siku ya sita, kwa maneno yaleyale ya waandishi mia wengine waliokaa nawe. Ukienda Zanzibar kwanza, ukatazama kibandani kwa makini, ukaandika kwa viungo mwaka mmoja, utafika huko ukiwa na jicho ambalo halikukodishwa.

Kama wewe ni shabiki tu na huna nia ya kuandika, sahau nusu ya haya: weka akiba, nenda London Agosti, ufurahi. Kama ni mwanafunzi wa filamu anayetaka kutengeneza, Cape Town itakufaa kuliko zote, kwa sababu utaona watu wa bajeti kama yako wakifanikiwa na wakishindwa karibu yako. Mwandishi wa Kiswahili aanze mapema mwaka na muvi za nyumbani, aombe viungo kuanzia Machi, awe Ngome Kongwe katikati ya mwaka, na maombi ya beji za Oktoba ayapeleke mara tu milango inapofunguliwa, bila kungoja wiki za mwisho. Chanjo ya homa ya manjano achome angalau siku 10 kabla ya kuvuka Mutukula, kwa kuwa kadi haihesabiwi halali kabla ya hapo. Ukishaipata ni ya maisha.